Kasha Lisilo na Siku

Ukitaka kumuudhi Mwalimu wa Hesabu, ulimwambia tu, "Haya, tuanze mwanzo." Hakupenda mwanzo. Mtu akimwendea na jambo jipya aliulizwa kwanza kama kuna aliyelifanya kabla yake, na kama yupo, Mwalimu alitaka ajenge juu ya kazi ya huyo asirudie jasho la mwenzake. "Seremala hafui misumari," alikuwa akisema. Alisema hivyo darasani, alisema hivyo katika mikutano ya walimu, na siku moja nilimsikia akiwaambia wapishi wa shule, ambao hawakuwa wamemuuliza lolote.

Tulifundisha shule moja ya misheni huko Kaloleni, miaka ya themanini. Yeye alikuwa mtu wa bara, mimi mzaliwa wa Malindi. Yeye hesabu, mimi Kiswahili. Katika chumba cha walimu hukuwapata watu wawili waliobishana kama sisi, na bado tulikaa meza moja miaka yote ile. Meza nyingine zilikuwa karibu na dirisha, naye aliogopa upepo usimpeperushie karatasi zake.

Mjukuu wa dada yangu anatengeneza programu za simu za mkononi. Juzi alinieleza kazi yake. "Bibi, sisi hatuanzi kwenye sifuri. Wanaotengeneza simu wanatupatia vifaa tayari. Kipande cha ramani kipo, cha kalenda kipo, cha kupiga picha kipo. Kazi yetu ni kuviunganisha." Nikamwambia hayo mimi niliyaona Kaloleni kabla yeye hajazaliwa. Akacheka, akanipigapiga mkono, ile namna vijana wanavyompiga mkono mtu mzima anapoanza kuropoka. Usiku ule nilimkumbuka Mwalimu, na ndiyo sababu ninaandika.

Kompyuta ilikuja shuleni ndani ya boksi la kadibodi, zawadi ya kanisa moja la ng'ambo lililozigawa mashine kama hizo kwa shule kadhaa. Ilikuwa kibodi tu, nene, unaichomeka kwenye televisheni. Ulichokiandika ulikihifadhi kwenye kaseti za kawaida, zile zile watu walizorekodia nyimbo. Jenereta likizimwa hujarekodi, kazi yako imekwenda na maji. Walimu wengine waliitazama siku ya kwanza, wakaishangaa, wakarudi kwenye chai yao. Mwalimu wa Hesabu hakurudi. Chai yake niliinywa mimi.

Alichotengeneza hakikuwa programu. Hilo lilinichukua muda kulielewa. Wengine wangetengeneza mchezo, au hesabu za karo, wakaringa. Yeye alitengeneza vipande vya kumsaidia mtu mwingine atengeneze. Kaseti moja ilikuwa na kipande cha kupanga majina kwa alfabeti. Nyingine ilikuwa ya kujumlisha alama na kutoa wastani. Nyingine ilikuwa ya saa, nayo ilihesabu saa za Kiswahili, asubuhi ikianza na saa moja wala si saba. Mwanafunzi aliyetaka kujenga kitu aliingiza kwanza vipande vya Mwalimu, kisha akaviita kwa majina yao ndani ya kazi yake. Mkusanyo wote aliuweka katika sanduku la mbao lililokuwa la vifaa vya useremala, na kwa kuwa hakujua aliite nini, alinijia mimi.

"Mwalimu," aliniambia, "hii kitu yangu inaitwa aje?"

"Kitu *hiki*," nikamwambia. "Kitu *hiki changu kinaitwaje*. Ukimaliza kuvunja lugha ya watu ndiyo nitakujibu."

Akarudia vizuri, neno kwa neno, kwa utiifu wa mwanafunzi wa darasa la kwanza. Nikamwambia liite Kasha. Kuanzia hapo vipande vyote vilipitia kwangu kupewa majina. JINA, WASTANI, SAA, PANGA. Alikataa Kiingereza katakata. Alisema mtoto wa Kaloleni ana kazi ya kutosha kufahamu mashine, asiongezewe kazi ya kufahamu wageni. Na yeye mwenyewe Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuvunja mawe! Mtu alikuwa na mambo yasiyopatana. Alificha chaki kabatini na kufunga kwa kufuli, lakini Kasha alimpa yeyote. Aliwaambia wanafunzi asiyejua aulize, na yeye kuuliza njia kwake ilikuwa aibu. Angezunguka Mariakani nzima kwa miguu kuliko kumwuliza mtu duka liko wapi.

Kipande kilichotuchekesha zaidi kilikuwa SALAMU. Kazi yake ilikuwa kumwamkia mtu anayeketi mbele ya mashine. Mwalimu, kwa akili za hesabu, aliona kwamba huwezi kujua nani wa kumwambia shikamoo bila kujua nani mkubwa. Basi mashine iliuliza kwanza, UMRI WAKO? Alipokuja mzee mmoja wa bodi ya shule kuitazama zawadi, akakalishwa pale kwa heshima zote, neno la kwanza kutokea kwenye kioo likawa hilo. Mzee akageuka kututazama. "Kitoto hiki," akasema, "kinaniuliza miaka yangu kabla ya kuniamkia? Kimelelewa na nani?"

Mwalimu alitaka kufa. Mimi nilitoka nje nikacheka mpaka nikashika ukuta. Niliporudi nikamwuliza, "Hebu nieleze, mashine yako ina umri gani?" Akasema haijatimiza mwaka. "Basi ni mtoto wa watu wote. Iwaamkie wote shikamoo, na isiulize kitu." Akavua miwani akafuta machozi ya kicheko. Sikumwona tena akicheka vile.

Nasema hivyo kwa sababu ya mkewe.

Mkewe hakuishi Kaloleni. Alifua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja ya watalii Malindi, na mimi ndiye niliyemtafutia chumba kwa shangazi yangu mtaani Shela. Shangazi alikuwa mjane asiye na mtoto, mkali wa maneno, na mwanzoni alinilalamikia kwa kumletea mtu wa bara asiyejua kukuna nazi. Baada ya muda ukifika pale unawakuta wawili hao jikoni, leso kifuani, wanacheka na hawataki kukuambia wanachekea nini. Shangazi akawa anamwita "mwanangu". Mwalimu alikwenda huko kila alipopata nafasi, na shangazi akamwita baba, akampakulia wali kwanza.

Mke akaugua. Alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari wa Malindi akasema haufai kungoja, apelekwe Mombasa kupasuliwa. Jirani mmoja mwenye pikapu alikuwa na safari ya Mombasa, akakubali kumchukua. Mgonjwa akasema atakwenda, ila si kabla ya kumwona mumewe. Shangazi akatoka mwenyewe mpaka posta, akapiga simu shuleni. Mwalimu aliitwa ofisini, akaishika simu kwa mkono wake, akasikia kwa sikio lake. Shangazi alimwambia: "Gari linaondoka usiku wa Ijumaa, baada ya magharibi, ili wawahi feri ya Kilifi. Mkeo anakungoja. Usikose, baba."

Sasa, kwa mtu wa kwetu hapo hapana la kuuliza. Siku yetu inaisha jua likitua. Alhamisi, jua likishazama, hiyo si Alhamisi tena. Ni usiku wa Ijumaa, usiku wa kuamkia Ijumaa. Neno *kuamkia* mara nyingi tunaliacha, kwa sababu kila mtu analijua lilipo. Lakini Mwalimu alikuwa mtu wa bara. Kwake siku inaisha saa sita ya usiku, na usiku wa Ijumaa ni Ijumaa yenyewe ikishaingia giza. Alisikia neno lile lile alilolisema shangazi, wala laini haikukwaruza.

Alhamisi jioni nilimkuta chumba cha kompyuta akisafisha kile kipande cha SALAMU, anapiga mluzi. Aliniambia kesho akimaliza vipindi vya asubuhi anakwenda Malindi, mkewe atapelekwa hospitali, na anataka afike mapema wapate kula pamoja kabla ya safari. Alikuwa amemnunulia kitambaa cha gauni. Nikamwambia ampe salamu zangu.

Alifika Ijumaa alasiri. Shangazi alikuwa barazani. Hakumkaribisha. Alimwambia, "Umekuja leo?" na Mwalimu, akiwa bado amesimama njiani na kitambaa mkononi, akafahamu yote. Hakuuliza wala hakujieleza. Aliunga safari hiyo hiyo mpaka Mombasa, akaambiwa mkewe alipasuliwa asubuhi na hakuamka.

Kwa shangazi, mambo yalikuwa wazi. Alimpigia simu mwanamume, akamwambia siku, akamwambia na saa, naye hakuja. Alimwona yule mwanamke akikaa barazani na viatu miguuni, kila gari likikata kona akiinuka, mpaka mwenye pikapu akasema feri haimngojei mtu. Msiba ulipokwisha Mwalimu alikwenda kuchukua vitu vya mkewe. Shangazi alimtolea mlangoni, akafunga. Kuanzia hapo alipomtaja alisema "yule aliyemwacha mwanangu," na wengi mtaani wakalichukua jina hilo.

Mimi nilikuwa upande wa shangazi; nilidhani aliambiwa siku, akaipuuza kwa ajili ya mashine yake. Kwa kipindi kirefu tulikaa meza moja sisemi naye ila ya kazi, na yeye hakunilazimisha. Kisha siku moja, katika mapumziko, aliniwekea karatasi tupu mbele yangu, akauliza kwa Kiswahili safi kabisa, kile alichokuwa akikitumia akiwa ameshafanya mazoezi peke yake.

"Mwalimu, nataka kutengeneza kipande cha siku. Nieleze. Usiku wa Ijumaa ni upi?"

Nikamjibu bila kuinua kichwa. "Ni Alhamisi, jua likishatua. Hata mtoto anajua."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Aliiweka kalamu chini, nikainua kichwa. Nilipomwona uso ndipo nilipoelewa. Nikasema, "Mungu wangu. Nitamwambia shangazi leo hii." Akanishika mkono, mtu ambaye sijawahi kumwona akimshika mtu mkono.

"Usimwambie. Sasa hivi anajua kwamba mimi ndiye niliyekosa, na anaweza kunikasirikia. Ukimwambia, atajua kwamba ni mdomo wake. Atamkasirikia nani? Yule mama alimpenda mke wangu."

"Lakini si kosa lake. Wala si lako."

"Ndiyo," akasema. "Na hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Nimeishi na siri hiyo kwa kuwa aliniomba. Kila mwezi nilikwenda Malindi, shangazi akinipakulia chakula na kumpakaza matope mtu asiye na hatia, na mimi natafuna. Nilichukia. Nilimchukia Mwalimu kwa wema wake, ukweli nausema, kwa sababu wema ule nilibebeshwa nusu yake.

Tangu hapo akawa na tabia iliyowachekesha watu. Alikuwa anafika siku moja kabla. Mkutano wa walimu wa wilaya ukiitwa Jumanne, Jumatatu yuko pale, amekaa kwenye ngazi na mkoba wake. Mwenzetu mmoja alioa huko Kakuyuni. Mwalimu alitokea wakati wanaume bado wanachimba mashimo ya kusimamishia turubali, na akina mama, kwa kukosa la kufanya naye, wakampa kisu amenye vitunguu. Alimenya gunia zima bila kunung'unika. Walimu walimtania, "Mwalimu, wewe hata kufa utatangulia." Alitabasamu tu. Mimi sikuweza kucheka.

Na Kasha liliendelea kukua. Kijana mmoja ambaye babake alikuwa mgema alilitumia kupanga minazi ya babake: upi umegemwa asubuhi, upi utapandwa jioni, upi upumzishwe. Mkuu wa shule alipogundua kwamba mashine ya kanisa inafanya hesabu za tembo la mnazi, alimwita Mwalimu ofisini. Mwalimu hakunywa pombe hata tone, na kanisani alikaa kiti cha karibu na mlango kila Jumapili. Lakini alimtetea yule kijana. "Mwenye kuuza nyundo haulizi nyumba ni ya nani," alisema. Mkuu wa shule akabaki akipangusa kioo cha saa yake.

Kila kitu kilipatikana katika Kasha isipokuwa SIKU. Kila mtu aliitaka hiyo. Bila siku hujengi kalenda, hujengi ratiba, huwezi kumkumbusha mtu chochote. Aliandika, akafuta. Nilimwambia aifanye iulize: jua likitua, leo imekwisha au haijaisha? Akaijaribu. Akasema haifai.

"Kwa nini?"

"Mimi ningeulizwa siku ile, ningejibu haraka sana. Ningesema haijaisha. Sikujua kama kuna watu wana jibu jingine. Mtu asiyejua kwamba kuna swali, ukimwuliza haimsaidii."

"Basi chagua moja, Mwalimu. Hii ni mashine tu."

Ndipo aliponiambia jambo ambalo sijalisahau. "Nikiandika siku inaisha magharibi, basi mimi nilimwacha mke wangu akiningoja. Nikiandika inaisha saa sita, basi mama alinidanganya. Mashine inataka moja. Mimi sina hata moja." Baadaye kidogo akaongeza, karibu kwa utani, kwamba simu ingekuwa na akili kiasi kidogo tu, ingewakatiza siku ile ikauliza: mnazungumzia usiku gani?

Mwaka mmoja akaja mgeni kutoka kwa lile kanisa lililoleta mashine. Alionyeshwa Kasha. Alikaa nalo kutwa nzima, akaviunganisha vipande, akajenga hiki na kile, na jioni alimwambia Mwalimu mbele yetu kwamba hajaona kitu kama kile katika shule yoyote. Alitaka kulinakili, alipeleke shule zote zilizopata mashine, pwani na bara. Tulipiga makofi. Mkuu wa shule, ambaye alikuwa amesahau habari za mnazi, alipiga makofi kutushinda sote.

"Ila sioni kipande cha tarehe," mgeni akasema.

"Hakijakamilika," Mwalimu akajibu.

"Hicho ni kidogo. Siku inaisha saa sita ya usiku, kila mtu anajua. Nitakiandika mimi leo leo."

"Kila mtu nani?" Mwalimu akauliza.

Mgeni akadhani ni utani. Mwalimu akamwambia Kasha halitoki bila SIKU, na SIKU bado. Walibishana kwa upole, kisha bila upole. Nilimvuta pembeni nikamwambia kwamba anaiua kazi yake kwa mkono wake, kwamba watoto wa shule nyingi watafaidika, kwamba hata mkewe asingetaka kazi hiyo ife. Akaniambia, "Wewe unajua." Ndiyo, nilijua. Ndiyo maana sikuweza kumshinda. Mgeni aliondoka mikono mitupu, na muhula uliofuata shule zote, na yetu ikiwemo, zilipata kaseti kutoka ng'ambo, kwa Kiingereza, nzuri tu. Siku yake iliisha saa sita ya usiku. Kasha likapelekwa stoo, na kaseti zake, kwa kuwa zilikuwa kaseti nzuri, kwaya ya shule ikarekodi nyimbo juu yake.

Mwalimu aliacha kazi muda mfupi baada ya hapo. Nilisikia yuko Mariakani, amefungua kibanda cha kutengeneza redio za madereva wa malori.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka hiyo ya themanini ndipo shangazi alipolala kitandani asiinuke. Alianza kufanya wanavyofanya watu wetu wakiona safari inakaribia: kutakana radhi na watu. Jirani aliyegombana naye kwa ajili ya ukuta aliitwa, wakasameheana. Muuza samaki aliitwa. Kisha jioni moja akaniambia, uso umeelekea ukutani, "Niitie yule wa bara. Siwezi kwenda na kinyongo chake."

Nilimfuata Mariakani. Nilimkuta ameinamia redio iliyofunguliwa tumbo, mvi zimemjaa, miwani imefungwa kwa uzi. Hakuuliza mengi. Alifunga kibanda, akanawa mikono, tukaondoka. Kwenye feri ya Kilifi tulisimama pamoja, na hapo nikamwambia nililokuwa nimelibeba njia nzima.

"Mwambie leo. Ni nafasi ya mwisho. Unataka azikwe akiamini ulimtupa mkeo?"

"Nafikiri juu ya hilo tangu tulipopita Mombasa," akasema.

"Na umeamua nini?"

"Mtu anafunga mizigo yake aende kwa Mungu, Mwalimu. Nimwongezee mwingine?"

Nilikasirika, nikageuza uso. Kisha nikajisemea moyoni kwamba akishindwa yeye, nitasema mimi, na liwe liwalo. Niliingia nyumba ile na maneno yamepangwa mdomoni.

Mwalimu alikaa kwenye kiti cha kamba kando ya kitanda, magoti pamoja, mikono juu ya magoti.

"Nilikwenda posta kwa miguu yangu," shangazi akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nikakwambia usiku wa Ijumaa."

"Uliniambia."

"Ulisikia?"

"Nilisikia vizuri."

"Sasa ulikuwa wapi, baba?" Sauti yake haikuwa na hasira tena, na hilo liliniumiza zaidi. "Alikaa pale nje na viatu miguuni. Nikimwambia ingia ndani, umande, anasema anakuja, anakuja. Ulikuwa wapi?"

Nilifungua mdomo. Mwalimu alinitazama mara moja tu, nikaufunga.

"Nilikuwa Kaloleni, mama. Nilikuwa kazini, kwenye ile mashine."

Shangazi akatikisa kichwa polepole juu ya mto. "Mashine," akasema. Akavuta pumzi. "Haya. Mimi nimekusamehe. Mungu ni shahidi, na huyu mtoto wa kaka yangu ni shahidi. Sina kitu nawe tena."

"Ahsante, mama." Aliushika mkono wa shangazi kwa mikono yake miwili, akauinamia. Sijui ni watu wangapi duniani wamewahi kupokea msamaha ule kwa kosa wasilolitenda, na kuupokea kwa shukrani vile.

Nilidhani yamekwisha. Lakini radhi kwetu haiendi upande mmoja, na shangazi alikuwa mtu wa kukamilisha mambo. Akamvuta mkono kidogo ili ainue kichwa. "Na wewe nisamehe, baba. Lolote nililokukosea, kwa kujua na kwa kutojua."

Ni maneno ya kila mtu. Tunayasema yote pamoja, kwa pumzi moja, na jibu lake ni neno moja. Mwalimu hakujibu. Nje mtu alikuwa akitwanga kitu kwenye kinu, tukausikiliza mchi. Shangazi alianza kuingiwa na wasiwasi, nikaona macho yake yakimtafuta.

"Nimekusamehe, mama," Mwalimu akasema mwishowe. "Kwa kutojua."

"Na kwa kujua je?"

"Kwa kujua hukunikosea kitu."

Shangazi akacheka, kicheko kidogo kilichogeuka kikohozi. Akaniambia mimi kwamba hawa watu wa bara hata kusamehe hawajui, wanakata neno la watu nusu nusu kana kwamba wanapima nyama. Alikuwa ameridhika. Aliomba maji, na Mwalimu ndiye aliyeinuka kumletea, kwa sababu mimi wakati huo machozi yalikuwa yamenizidi na sikuona hata mtungi ulipo.